Tumepokea Taarifa

Kazini walimwita Mama Ukurasa, na mwenyewe aliliitikia jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi. Yeye ndiye aliyeshika ukurasa wa Mamlaka ya Usalama Mtandaoni. Kila onyo, kila tangazo, kila jibu kwa mwananchi aliyetapeliwa lilipita kwenye vidole vyake. Wafuasi hawakuijua sura yake, lakini walimpenda. Mtu akiandika, "Nimeambiwa nimeshinda gari, nitume hela ya kulisafirisha," yeye alijibu, "Hongera. Ila gari lenye magurudumu manne linashindwaje kuja lenyewe?" Watu wakacheka, wakasambaza, na onyo likafika mbali kuliko matangazo yote ya redio.

Mkurugenzi wake alikuwa mwanamume mpole, mpenda vikao, mwenye simu tatu zilizolala mbele yake mezani kama watoto wa paka. Alijisifu kwa wenzake wa idara nyingine kwamba ukurasa wa Mamlaka una damu ndani yake, si kama kurasa zao zilizojaa mabosi wakikata utepe. Mama Ukurasa alijifanya hasikii, lakini akirudi nyumbani alitembea kifua mbele. Aliamini kazi ile. Aliamini kwamba serikali ikizungumza na watu kama watu, watu watasikia.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, tumbo moja, ingawa walipishana miaka mingi kiasi kwamba yeye ndiye aliyembeba mgongoni na kumfundisha kutembea. Mdogo huyo alikuwa mkunga katika kituo cha afya cha serikali, upande wa pili wa mji. Alikuwa na mwili mkubwa, sauti kubwa, na mikono ambayo akina mama aliowazalisha waliikumbuka miaka mingi baadaye. "Usinitazame mimi usoni," aliwafokea waliokuwa katika uchungu, "mtoto hatokei usoni kwangu! Sukuma!" Wakacheka katikati ya maumivu, na mtoto akaja.

Asubuhi moja ya mvua alizaliwa mtoto kimya. Hakulia, hakupepesa, midomo yake ilikuwa ya buluu. Mkunga alimkata kitovu, akamchukua kutoka kifuani kwa mama yake, akamfunga kwa kitambaa na kukimbia naye. Chumba chenye mashine ya hewa kilikuwa mwisho wa korido ndefu, na kwenye korido hiyo kulikuwa na mabenchi ya ndugu wanaosubiri. Mama wa mtoto alipiga kelele kutoka kitandani: "Mwanangu! Mnampeleka wapi mwanangu?" Mkunga aligeuka mara moja kumwita mwenzake alete mpira wa kufyonza ute, kisha akaingia chumbani na kuufunga mlango kwa kisigino.

Kati ya waliokaa kwenye mabenchi, mtu mmoja alikuwa ameinua simu.

Kipande chenyewe kilikuwa kifupi. Mwanamke mwenye gauni la kazi anakimbia na kichanga. Mama anapiga kelele. Mwanamke anageuka nyuma, macho yamemtoka. Mlango unafungwa. Basi. Mchana ule ule ukurasa mmoja ulioitwa Sauti ya Mtaa ulikirusha na maneno juu yake: "MKUNGA ANASWA AKITOROSHA KICHANGA. MAMA ALIA. Sambaza kabla hawajakifuta."

Mama Ukurasa alikiona baada ya chakula cha mchana. Watu walikuwa wameutaja ukurasa wa Mamlaka mamia kwa mamia: mko wapi, mnalala, mnakula kodi zetu bure. Alikifungua bila sauti. Alimjua mdogo wake kabla hajageuza uso, kwa ule mtupo wa mguu wa kushoto aliokuwa nao tangu utotoni.

Akapiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Dada, niko wodini," ilikuja sauti kubwa iliyochoka, yenye furaha. "Ngoja nikuchekeshe. Asubuhi kaja mtoto kimya kabisa, nimempulizia mpaka nikaona nyota. Sasa hivi ananyonya utadhani anashindana na mtu!"

"Mdogo wangu, keti kwanza."

"Nikae wapi na nina akina mama wanne hapa wana uchungu? Sema."

Akamwambia. Upande wa pili kulikuwa na mlio wa beseni la chuma likiwekwa chini.

"Sasa kinafutwaje?" mkunga akauliza.

"Niachie mimi. Hii ndiyo kazi yangu."

"Haya, dada. Nakuachia." Na kwa jinsi alivyolisema, ilikuwa wazi kwamba ameamini, akarudi kwa wagonjwa wake.

Mama Ukurasa aliingia ofisini kwa Mkurugenzi bila kugonga. Simu zote tatu zilikuwa zinatetemeka.

"Afadhali umekuja," Mkurugenzi alisema. "Wizara wananiuliza Mamlaka iko wapi. Tunahitaji taarifa sasa hivi."

"Bosi, huyo mkunga ni mdogo wangu. Mtoto alizaliwa hapumui, akakimbizwa kwenye hewa. Yuko hai, ananyonya. Tuandike kwamba ni uongo."

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma ya kweli. Hakuwa mtu mbaya. Wote waliofanya naye kazi wangeapa hivyo.

"Pole sana. Pole mno. Lakini nani kakuambia haya?"

"Yeye mwenyewe."

"Unaona? Tukisema ni uongo, na kesho ikawa vingine, Mamlaka itakuwa imemficha mhalifu. Na mhalifu mwenyewe ndugu wa mtumishi wetu. Hebu fikiria."

"Mpigie mganga mkuu wa kituo."

"Nimempigia. Amesema hawezi kuzungumza bila kibali cha Wizara ya Afya. Wizara ya Afya wanasema wanaunda kamati." Alifungua kompyuta. "Tunatumia maneno ya kawaida. Wala usiumize kichwa kuandika, nitayaandika mimi. Wewe weka tu."

Maneno ya kawaida yalikuwa haya: Mamlaka imepokea taarifa kuhusu video inayomwonesha mhudumu wa afya akiondoka na mtoto mchanga. Vyombo husika vinalifanyia kazi suala hili. Wananchi wawe watulivu na waepuke kusambaza maudhui yasiyothibitishwa. Chini yake iwekwe picha kutoka kwenye video, ili watu wajue ni ipi inayozungumziwa, na juu ya picha muhuri mwekundu: INACHUNGUZWA.

"Angalau tumzibe uso," Mama Ukurasa alisema.

"Utamziba. Weka kwanza, Wizara wanangoja kwenye simu. Ziba baada ya hapo."

Alifikiri haraka, jinsi mtu anavyofikiri akiwa amesimama. Akikataa, ataitwa mtu mwingine wa idara, ambaye hatajali kuziba hata baadaye. Akibaki yeye, ataweza kupunguza makali. Kwa hiyo akaiweka. Kidole chake mwenyewe ndicho kilichobonyeza. Halafu akakimbilia kuiziba ile sura, na alipomaliza na kuibadilisha picha, ile ya kwanza ilikuwa tayari imenakiliwa na kurushwa kila pembe, ikiwa na nembo ya serikali juu na uso wa mdogo wake chini.

Sauti ya Mtaa waliichukua na kuandika: "Hata Mamlaka yakiri. Uchunguzi waanza." Mpaka hapo palikuwa na watu waliokuwa na shaka, waliouliza kwenye maoni kama hiyo korido siyo ya hospitali tu, kama mtu anayeiba hukimbilia ndani badala ya nje. Baada ya nembo ile walinyamaza. Serikali yenyewe imesema inachunguza; ingechunguza nini kama hakuna kitu?

Mama Ukurasa hakuondoka kazini jioni ile mpaka alipopita kwenye kile walichokiita mlango wa serikali, njia maalumu ya kuripoti maudhui moja kwa moja kwa kampuni yenye mtandao. Njia hiyo ilipatikana baada ya mazungumzo marefu, na yeye alishiriki kuandika mwongozo wa ushirikiano uliotiwa saini kwenye ukumbi wa hoteli, watu wakipiga makofi. Alieleza kila kitu kwa utulivu: nani, wapi, nini kilitokea, hatari gani inamkabili mtu huyu. Jibu lilirudi upesi. "Asante kwa kutusaidia kuiweka jamii yetu salama. Tumepitia maudhui haya na tumeona hayakiuki miongozo yetu." Hapakuwa na damu. Hapakuwa na uchi. Hapakuwa na tishio la wazi. Alikata rufaa, na rufaa ikajibiwa kwa maneno yale yale, isipokuwa "asante" ilikuwa "asante tena".

Alikuwa na namba ya mwakilishi wa kampuni, mwanamke mchangamfu waliyekaa naye meza moja siku ile ya hotelini. Akampigia.

"Nakuelewa kabisa, dada yangu," mwakilishi alisema. "Inauma sana. Lakini nikuambie ukweli? Tatizo ni ukurasa wenu."

"Wetu?"

"Wakaguzi wetu wanapoona chombo cha serikali kimesema kinalichunguza jambo, wanalihesabu kuwa habari yenye maslahi ya umma. Na habari ya namna hiyo hatuifuti. Ninyi wenyewe mlisisitiza hivyo kwenye mwongozo, mlisema tusiwe tunafuta mambo ambayo serikali inayafuatilia. Mkiiondoa taarifa yenu, naweza kujaribu upya."

Asubuhi yake Mama Ukurasa alimwendea Mkurugenzi na ombi hilo. Mkurugenzi alikuna kidevu. Kuondoa taarifa rasmi, alisema, kungehitaji taarifa nyingine rasmi ya kueleza kwa nini imeondolewa, na hiyo ingesubiri kamati. Wakati wanaongea, mkunga alikuwa akitolewa kazini kwa mlango wa nyuma, gauni lake limefungwa ndani ya mfuko, kwa sababu getini kulikuwa na watu. Wengine walikuwa na mabango. Wengine walikuwa na mawe, wakayabeba mpaka nyumbani kwake.

Mume wake alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa maneno machache. Alisimama mlangoni na nyundo mkononi mpaka polisi walipokuja, na polisi walipokuja walimwambia aweke nyundo chini la sivyo watamchukua yeye. Mabati ya paa yalitobolewa. Binti yao, aliyekuwa bado shule ya msingi, alikaa uvunguni mwa kitanda akizibwa masikio na mama yake.

Mama Ukurasa alifika kwao jua likiwa bado kali. Alimkuta mdogo wake ameketi sakafuni katikati ya vipande vya kioo, ameegemea kabati.

"Umekifuta?" mkunga akauliza.

"Bado. Wanasema—"

"Wewe si Mamlaka?"

"Mdogo wangu, siyo mimi peke yangu."

"Nimeona nembo yenu juu ya uso wangu." Hakuwa amekasirika, sauti yake kubwa ilikuwa imeshuka tu, kama redio iliyopunguzwa na mtu mwingine. "Nikadhani labda ndiyo dawa yenyewe. Nikasema, dada anajua anachofanya."

Mama Ukurasa hakuweza kumwambia ni nani aliyeiweka. Alichukua ufagio akaanza kukusanya vioo.

Shuleni walimuuliza yule binti mama yake anauza watoto bei gani. Wakamwimbia wimbo. Akarudi nyumbani akaomba asiende tena. Wateja wa baba yake nao walianza kuhamia kwa mafundi wengine. Si kwamba waliiamini Sauti ya Mtaa, walisema, ila hawataki gari lao lionekane limeegeshwa pale. Siku shemeji alipokuja ofisini kwa Mama Ukurasa, alikaa ukingoni mwa kiti kana kwamba kitavunjika.

"Shemeji, nampeleka mtoto kwa mama yangu," alisema. "Na mimi nitakuwa huko huko."

"Unamwacha?"

"Simwachi. Najua hakufanya. Nilimwona akirudi kila siku na damu za watu kwenye viatu, nani asiyejua?" Alikunja kofia yake mikononi. "Lakini nikijua mimi peke yangu, mtoto inamsaidia nini?"

Shemeji aliaga, akatoka taratibu, akafunga mlango kwa adabu.

Kisha akaja mama wa mtoto. Alifika mapokezi ya Mamlaka peke yake, mtoto kifuani, akasema anataka kuonana na yule anayeandika kwenye ukurasa. Alikuwa binti mdogo, mwembamba, bado anatembea kwa kujihurumia.

"Walionipigia simu ni wengi," alisema, "wote wanataka nilie. Mimi sina cha kulilia. Mwanangu huyu hapa. Yule mkunga ndiye aliyempa pumzi. Nilipiga kelele kwa sababu nilikuwa na hofu, sikujua. Nataka niseme."

Mama Ukurasa alimpeleka kwenye dirisha lenye mwanga, akamrekodi. Msichana alizungumza vizuri, bila kujikwaa, akamfunua mtoto uso, akasema: "Tafadhali mwacheni yule dada. Mungu anamjua na mimi namjua." Mama Ukurasa alilia wakati wa kurekodi, akafuta machozi kwa kiwiko ili simu isitikisike. Kwa mara ya kwanza tangu lile jambo lianze alihisi ameshika kitu chenye uzito.

Mkurugenzi aliitazama video yote, akaguswa, akasema ni nzuri sana, na akasema itabidi isubiri ripoti ya kamati. Kamati ilifanya kazi yake jinsi kamati zinavyofanya. Ripoti ilipotoka, ilimsafisha mkunga kwa lugha nzito na nzuri: alitenda kwa weledi, kwa wakati, na aliokoa maisha. Siku hiyo ndipo Mamlaka ilipotoa taarifa mpya pamoja na video ya yule msichana.

Waliotazama hawangejaza hata ukumbi wa harusi. Na wachache walioandika maoni waliandika: "Kalipwa huyo." "Mtoto wa kwenye video alikuwa mweupe, huyu mbona mweusi?" "Angalieni pua, hata hafanani na mama." Hilo la mwisho lilipata vicheko vingi. Baada ya muda msichana alimpigia Mama Ukurasa simu, akamwomba aiondoe video yake. Mume wake alikuwa ameanza kumtazama mtoto kwa jicho lingine, akiuliza maswali.

Aliyekuwa akiuendesha ukurasa wa Sauti ya Mtaa aliitwa na Mamlaka. Mama Ukurasa alitegemea kuona shetani. Akaona kijana mwenye mafua, aliyekuja na leso, aliyewaamkia wote shikamoo mmoja mmoja. Alisema video alitumiwa na mtu asiyemjua, yeye aliirusha tu, watu ndio walioamua. Aliomba samahani vizuri mno. Akaifuta pale pale mbele yao. Nakala za video hiyo kwa wakati huo zilikuwa zimeshapata wajukuu na vilembwe, na kuna iliyowekewa muziki.

"Nimtake radhi na mkunga mwenyewe?" kijana aliuliza, akipenga kamasi. "Naweza kutengeneza video ya kumwomba radhi. Nitamtaja jina, niweke na picha yake."

"Hapana," Mama Ukurasa alisema. "Tafadhali. Usifanye kitu."

Ulipokaribia msimu wa kampeni ya usalama mtandaoni, Mkurugenzi alimwita. Alisema amefikiria sana jinsi ya kumrudishia mdogo wake heshima. Kampeni ya mwaka huu iwe juu ya kisa chake. Nchi nzima ijue alionewa. Uso usionekane, jina lisitajwe. Watu waoneshwe tu madhara ya kusambaza bila kufikiri. "Tumekosea kwa kunyamaza," alisema. "Sasa tuseme kwa sauti."

Mama Ukurasa alitaka sana iwe kweli. Alimuuliza mdogo wake, ambaye siku hizo aliishi peke yake na madirisha yamefungwa, na ambaye alijibu akiwa ameelekea ukutani: "Fanya unavyoona, dada." Akaichukulia kuwa ndiyo. Akayaandika maneno mwenyewe, akayapunguza na kuyanoa mpaka yakabaki machache: ULIISAMBAZA. ILIKUWA UONGO. Juu yake wachoraji waliweka kivuli cheusi cha mwanamke anayekimbia na kichanga. Mabango yalibandikwa vituo vya mabasi, kwenye benki, kwenye korido za hospitali zote, na kila ukurasa wa serikali ukayaweka siku moja.

Watu wakatazama kivuli. "Si yule mkunga muuza watoto?" wakaambiana. Waliokuwa wamesahau wakakumbuka. Wasiokuwa wamewahi kuiona video wakaitafuta ili waelewe bango linasema nini, na mtandao, ulivyoona wengi wanaitafuta, ukaanza kuwapelekea hata wasioitafuta.

Mkunga alikuwa ameitwa kurudi kazini wiki ile. Alivaa gauni lake, akaenda. Katika korido ya kituo, pembeni ya mabenchi, alikutana na kivuli chake ukutani, kirefu kama yeye. Mzazi mmoja aliyekuwa amelala kitandani aliinua kichwa, akalitazama bango kupitia mlango uliokuwa wazi, akamtazama yeye, akasema, "Naomba mwingine." Alilisema kwa upole, akaongeza na "samahani, dada".

Mkunga alimpigia dada yake akiwa amesimama hapo hapo.

"Mmenibandika," alisema.

"Nani? Wapi?"

"Dada, mmenibandika ukutani." Akakata simu, akavua gauni, akaliacha juu ya benchi, na hakurudi tena katika kituo kile wala kingine.

Mama Ukurasa hakuacha kazi. Alijiambia kwamba akiondoka atakuja mtu asiyejua maneno yanaweza kufanya nini. Na likaja jambo lingine, la mwalimu mmoja aliyepigwa picha akiwa amemwinamia mwanafunzi aliyezimia. Mkurugenzi aliandika maneno ya kawaida, akamtumia. Safari hii alikataa. Alisema hapandishi kitu mpaka wampigie mwalimu, wampigie mzazi, waende shuleni ikibidi. Alisimama mlangoni pa ofisi ya Mkurugenzi na kupaza sauti, mpaka watu wa idara ya fedha wakatoa vichwa kwenye korido.

"Sawa," Mkurugenzi alisema, bila hasira. "Nakuelewa. Usiiweke." Akageuza kompyuta yake amwoneshe. "Lakini imeshatoka."

Mamlaka ilikuwa imenunua mtambo. Jambo likitajwa na watu wengi kiasi fulani, mtambo ulijibu wenyewe, kwa nembo na muhuri, bila kusubiri mtu: Mamlaka imepokea taarifa. Sura ya mwalimu ilikuwa pale, wazi kabisa. Mama Ukurasa akarudi mezani kwake, akaandika kwa haraka kwamba taarifa ile itenguliwe, akabonyeza, na skrini ikamwambia kwamba ruhusa yake ya kuandika inasubiri kuidhinishwa. Akahamishiwa chumba cha ripoti ya mwaka, chenye dirisha linalotazama maegesho. Ukurasa uliendelea bila yeye. Hakuna aliyeuliza mzaha umeenda wapi.

Mdogo wake alihamia mji mwingine, mbali, akatumia jina la marehemu mama yao. Alipata kazi kwenye duka la magodoro, kazi ya kupanga na kushusha, iliyohitaji mikono yenye nguvu na haikuhitaji maneno. Shemeji alimpelekea binti wakati wa likizo ya kwanza. Likizo ya pili mtoto alisema ana mitihani. Mama Ukurasa alikuwa akimtembelea kila alipopata ruhusa.

Mara ya mwisho alimkuta dukani kabla ya muda wa kufunga. Alikuwa amekonda, na ule mwili mkubwa ulikuwa umebaki mifupa mikubwa. Walisalimiana, wakaambiana habari za afya, habari za mvua. Dukani kulikuwa na mteja mwanamke aliyekuwa akibishana na mwenye duka kuhusu unene wa godoro, na mtoto wake mdogo, wa kama miaka miwili, alikuwa amepanda juu ya rundo la magodoro yaliyofungwa nailoni, akirukaruka na kujichekesha.

Mtoto aliteleza. Alianguka upande waliosimama wao, kichwa kikagonga sakafu ya saruji, akabaki kimya, mdomo wazi, bila kulia, macho yamegeuka juu.

Mkunga alikuwa karibu kuliko mtu yeyote. Mama Ukurasa alimwona akiinama, mikono ikitangulia yenyewe, vidole vimeshajikunja kwa umbo la kichwa cha mtoto. Halafu alisimama. Alitazama mlangoni, akatazama kaunta, akatazama mikono ya mwenye duka, ya mteja, ya mtu aliyekuwa akipita nje, mmoja baada ya mwingine, kuona nani ameshika simu. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa magodoro, akaficha mikono yake nyuma.

"Nimfanye nini?" Mama Ukurasa alipiga kelele, amepiga magoti tayari, hajui aanzie wapi. "Niambie, nimfanye nini?"

Mkunga alikuwa akitikisa kichwa. Machozi yalimtiririka, na midomo yake ilicheza kama mtu anayejua maneno yote lakini hayatoki.

"Mlaze ubavu," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo dada yake hakuwahi kuisikia. "Usiniite. Mlaze ubavu, ufungue mdomo, na usiniite jina."

Mama Ukurasa alimlaza mtoto ubavu. Baada ya muda mtoto alivuta pumzi, akaangua kilio, na mama yake akaja mbio akamnyakua, akamshukuru Mama Ukurasa, akamshika mikono yote miwili, akamwita mkombozi. Kisha akamgeukia yule mfanyakazi aliyesimama nyuma.

"Na wewe ulikuwa umesimama tu hapo hapo," alisema. "Una roho gani wewe?"

Akatoa simu yake mkobani.